Hema, bukari na tochi: wikendi ya bei ndogo katika njia za mnyama wa Fungurume

KOLWEZI – Mwezi wa kumi na moja 1919, gazeti la The Times la London liliwapa wasomaji wake habari iliyotoka Afrika ya Kusini. Mtu mmoja aliyeitwa Lepage, aliyesemekana kuwa msimamizi wa ujenzi wa reli katika Kongo ya Wabelgiji, alikuwa akiwinda mwezi uliotangulia alipokutana na mnyama asiyemfahamu. Akampiga risasi. Mnyama hakuanguka, akamfukuza, na Lepage akakimbia. Mnyama alipochoka, Lepage akachukua darubini akamtazama vizuri: urefu wa futi 24, yaani zaidi ya mita saba, mdomo mrefu wenye meno yaliyotokeza kama pembe, pembe fupi juu ya pua, miguu ya mbele kama ya farasi na ya nyuma yenye kwato zilizopasuka, na nundu yenye magamba mabegani. Kisha, habari ikaendelea, mnyama huyo aliingia katika kijiji cha wenyeji, akabomoa nyumba na kuua watu. Kijiji kilitajwa kwa jina: Fungurume.

Ni Fungurume hii hii ya mgodi wa TFM, kwenye barabara ambayo malori ya mukuba na kobalti hupita usiku na mchana kati ya Kolwezi na Likasi. Mtu anayetoka Kolwezi siku ya posho asubuhi anafika huko kwa basi la kawaida, akiwa na muda wa kutafuta mahali pa kula bukari na sombe kabla jua halijawa kali.

Vijana wengi wa Lualaba wanaopenda mambo ya wanyama wa mafumbo na sahani za kuruka hutazama kwenye simu habari za Loch Ness kule Uskoti na za jangwa la Nevada huko Marekani. Wachache wanajua kwamba katika miaka 40 tu, kati ya 1919 na 1959, eneo hili la shaba, kutoka Kamina mpaka mpaka wa Zambia, lilitoa habari nne za namna hiyo, na kwamba zote nne zilisomwa mbali sana na hapa. Hema la watu wawili, blanketi, tochi, sufuria, unga na kapenta vinatosha kwa wikendi moja ya kuzifuata. Hakuna anayeweza kuahidi mnyama. Lakini kila habari ina mahali pake, na mahali pengi kati ya hapo panafikika.

Tuanze na Fungurume, maana hapo ndipo uongo ulipo wazi zaidi.

Habari ya Lepage ilifuatwa na nyingine za mwindaji wa Kibelgiji aliyeitwa Gapelle, ambaye naye alidai kufuata nyayo za ajabu. Magazeti ya Ulaya na Marekani yakaanza kuandika neno "brontosaurus". Mwingereza mmoja, Kapteni Leicester Stevens, alitangaza kwamba anakwenda kumwinda mnyama huyo, akapigwa picha akiondoka London pamoja na mbwa wake Laddie. Uvumi ukaenea kwamba taasisi ya Smithsonian ya Washington imeahidi mamilioni ya dola kwa atakayemleta. Kweli, Smithsonian ilikuwa na wajumbe Kongo wakati huo, pamoja na kampuni ya filamu ya Universal, lakini walikuja kukusanya wanyama wa kawaida na kupiga filamu. Mwezi huo huo wa kumi na moja 1919 treni yao ilipata ajali karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na watu wao wawili wakafa, mmoja wao mwigizaji wa filamu William Stowell. Watu wawili walikufa kweli katika Katanga, na magazeti yakatumia kifo chao kunogesha hadithi ya mnyama asiyekuwepo.

Mwanzoni mwa 1920, Wentworth Gray, aliyehusika na msafara huo wa Smithsonian, aliandika barua kwa The Times akisema kwamba yote yalikuwa mzaha. Atakayechukua kalamu na kuandika jina "L. Lepage" kisha kupanga upya herufi zake atapata "Gapelle". Mtu mmoja, au kikundi cha marafiki waliokaa mezani na chupa, waligeuza jina moja kuwa mashahidi wawili.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa London hangeweza kulijua lakini mtu wa Lualaba analiona haraka. Reli ilikuwa imekwisha kufika Bukama tangu 1918. Mwezi wa kumi 1919 Fungurume haikuwa pori lisilo na njia. Kama mnyama wa mita saba angevunja nyumba na kuua watu kando ya reli, habari ingefika Elisabethville kwa telegrafu siku hiyo hiyo, wala isingengoja kupitia mkuu wa nyumba ya makumbusho ya Port Elizabeth. Wanakijiji "waliouawa" hawakupewa jina hata mmoja. Mnyama ndiye aliyepewa sifa zote, mpaka kwato.

Mzaha huo ulikuwa na baba yake. Miaka kumi kabla, mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck wa Hamburg aliandika katika kitabu chake kwamba ndani ya mabwawa ya Rhodesia kuna mnyama nusu tembo, nusu joka, jamaa wa brontosaurus. Wakati huo mifupa ya dinosauri ilikuwa ikiwekwa katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, na watu walikuwa na kiu. Afrika ya kati, ambayo wengi wao hawakuijua, ikawa mahali pa kuweka kila kitu walichotamani kiwe bado hai.

Mwenye hema anayeshuka Fungurume leo asitarajie kupiga kambi juu ya vilima. Sehemu kubwa iko ndani ya eneo la kampuni, kuna walinzi na polisi wa migodi, na kuna vijiji ambavyo watu wake walihamishwa kupisha machimbo. Kuingia bila ruhusa ni kutafuta matatizo. Lakini hata kutoka barabarani, vilima vyenyewe vinastahili kutazamwa. Vile vya asili ambavyo havijachimbwa vina vichwa vitupu, majani tu bila miti, kwa sababu udongo wenye shaba nyingi ni sumu kwa miti ya msitu wa miombo. Badala yake humea mimea inayovumilia madini, mingine isiyopatikana popote duniani isipokuwa kwenye vilima hivi. Mmoja, Haumaniastrum katangense, wazungu waliuita ua la shaba. Watafutaji wa madini waliufuata, na wachimbuzi wa mambo ya kale waliutumia kugundua mahali ambapo mababu waliyeyusha mukuba. Kilima kikichimbwa, mimea yake inakwenda nacho. Kwa mpenzi wa viumbe adimu, hicho ni kitu cha kutazama kabla hakijaisha, na hakina haja ya nundu wala pembe.

Kwa kulala, afadhali ziwa la Nzilo, upande wa kaskazini wa Kolwezi. Bwawa lake lilijengwa na Wabelgiji katika miaka ya 1950 likiitwa Delcommune, ili kuwapa umeme wenye migodi. Maji ya Lualaba yalipanda yakafunika bonde. Kwenye ufuko kuna wavuvi, na ni wao wa kuombwa ruhusa ya mahali pa kusimamisha hema, baada ya kumsalimu chifu wa kijiji. Mwenye akili analala mbali na maji. Viboko hutoka usiku kula majani, na mamba hawana mafumbo yoyote.

Jioni kando ya moto, mtu akiwauliza wazee kuhusu maji, jina litakalotoka si brontosaurus. Litakuwa Mamba Muntu. Katika miaka ya 1970, nyumba nyingi za wafanyakazi wa migodi kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi zilikuwa na picha yake ukutani sebuleni: mwanamke mzuri, nywele ndefu, nusu ya chini nyoka au samaki, ameketi kwenye mwamba kando ya maji. Wachoraji wa mtaani walimchora na kumuuza kwa bei ambayo mfanyakazi aliweza kulipa. Masimulizi yake yanajulikana: anayeokota kitana chake au kioo chake hutembelewa usiku katika ndoto, atapata mali, lakini kwa siri na kwa sharti, na sharti mara nyingi hugusa ndoa na watoto. Wasomi wengi walioandika kuhusu picha hizo wameona ndani yake mawazo ya watu wa mishahara juu ya fedha inayokuja ghafla. Katika mji ambao mtu anaweza kuamka mchimbaji wa mikono na kulala tajiri, au kinyume chake, Mamba Muntu hajapoteza kazi.

Na hapo kuna tofauti kubwa. Mamba Muntu hakuhitaji kuwindwa na mtu wa London. Waliomsimulia walijua anafanya kazi gani.

Hivyo ndivyo ilivyo pia kwa Kongamato. Huyu anatoka kusini, kwa Wakaonde, ambao mpaka wa wakoloni uliwagawa kati ya Zambia na upande wetu wa Lualaba. Mwingereza Frank Melland, aliyekuwa hakimu wa kikoloni katika nchi ya Wakaonde, aliandika habari zake katika kitabu cha 1923. Jina lake alilieleza kuwa "mzamisha mitumbwi". Katika mabwawa ya Jiundu, wilaya ya Mwinilunga, si mbali na mpaka wa Kongo, watu walibeba dawa iliyoitwa muchi wa kongamato walipovuka mito, ili maji yasije yakafurika na kupindua mtumbwi. Melland alipouliza kinavyofanana, aliambiwa ni kama mjusi mwenye mabawa ya popo, yasiyo na manyoya, upana wa futi nne mpaka saba. Akaleta kitabu chenye picha za wanyama wa kale, na wote waliokuwepo wakaonyesha kidole picha ya pterodaktili, mnyama wa kuruka wa wakati wa dinosauri.

Tangu hapo Kongamato amekuwa "dinosauri anayeruka" katika vitabu vya watafuta maajabu. Lakini wazia hali yenyewe. Aliyeuliza ndiye hakimu, mwenye nguvu ya kumfunga mtu. Yeye ndiye aliyechagua kitabu na kurasa. Aliyeulizwa alikuwa akieleza hatari ya kivuko, kitu kinachofanya maji yapande na mtumbwi uzame. Hilo ni jambo la kweli kabisa kwa mtu anayevuka mto wakati wa masika. Swali la kama kina meno lilikuwa la Melland.

Wanaotaka kuona mabawa makubwa jioni wana bahati nyingine. Kila mwaka, karibu na mwezi wa kumi na moja, popo wa matunda wanaokadiriwa kufikia milioni kumi hukusanyika katika msitu mdogo wa Kasanka nchini Zambia, karibu na mpaka wetu. Watafiti waliwafunga baadhi yao vifaa vya satelaiti wakaona kwamba wakiondoka huko huingia Kongo. Popo wa namna hiyo anaweza kuwa na mabawa ya sentimita 75 na zaidi. Na katika mabwawa ya Upemba yupo yule ndege ambaye Wafaransa humwita bec-en-sabot, mrefu kupita mita moja, mdomo kama kiatu cha mbao, mabawa zaidi ya mita mbili. Anayemwona kwa mara ya kwanza akipaa kutoka kwenye matete wakati wa mangaribi atasamehewa kwa lolote atakalosimulia.

Sasa angani. Tarehe 29 mwezi wa tatu 1952, gazeti la Die Presse la Vienna, Austria, liliandika kwamba visahani viwili vya moto vilionekana juu ya migodi ya uranium kusini mwa Kongo ya Wabelgiji, wilaya ya Elisabethville. Vilicheza angani kwa dakika kumi mpaka 12, vikasimama pamoja, kisha vikaondoka kwa njia ya kupindapinda. Kamanda Pierre wa uwanja mdogo wa ndege wa Elisabethville alipanda ndege ya vita akavifuata, akafika mita 120 kutoka kimoja. Alikadiria upana wa mita 12 mpaka 15, rangi ya aluminiamu, ukingo ukizunguka ndani ya moto. Baada ya dakika 15 vikamwacha, vikaelekea ziwa Tanganyika kwa mwendo wa kilomita 1,500 kwa saa.

Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilitafsiri makala hiyo na kuiweka katika faili mwezi wa nane mwaka huo. Mwaka wa 2016 liliitoa tena katika orodha ya nyaraka zake za visahani, wakati filamu za mfululizo za X-Files ziliporudi kwenye televisheni. Tangu hapo kila baada ya muda mtu huandika kwamba "CIA imekiri visahani viliruka juu ya Katanga". CIA haikukiri kitu. Ilikata gazeti na kulitunza, kama karani.

Tena ukiisoma kwa ramani ya hapa, makala inachechemea. Inasema migodi iko mashariki ya mto Luapula. Mashariki ya Luapula ni Zambia, wakati huo Rhodesia ya Kaskazini. Mgodi wa uranium ulikuwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, mbali sana upande wa magharibi wa mto huo. Na "Kamanda Pierre" ni nani? Katika Katanga ya 1952 akina Pierre walikuwa wengi kama vumbi la kipwa. Shahidi mkuu hana jina la ukoo.

Hata hivyo mwandishi wa Vienna hakuokota mahali hivi hivi. Shinkolobwe ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya uranium ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 mwezi wa nane 1945; Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alikuwa amepeleka zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo New York tangu 1940. Mwaka wa 1952 mgodi ulikuwa bado ukifanya kazi chini ya ulinzi mkali, na dunia nzima iliogopa vita vya atomu. Mahali pa siri huvuta taa angani. Wachimbaji waliotoa mawe hayo kwa mikono hawakuambiwa yanakwenda wapi, na madhara ya miili yao hayakuandikwa katika faili ya CIA.

Shinkolobwe isiwekwe katika ratiba ya wikendi. Serikali ilikataza uchimbaji huko mwanzoni mwa 2004, na katikati ya mwaka huo huo mashimo yaliporomoka na kuua wachimbaji wa mikono. Ni marufuku kuingia, na mnururisho hauonekani kwa tochi.

Kwa kutazama anga, ufuko wa Nzilo unatosha, ukiwa mbali na taa za machimbo ya Kolwezi zinazofanya upande mmoja wa mbingu kuwa wa rangi ya machungwa. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba hakuna wingu, na baridi ya huko juu inamshangaza mtu aliyekuja na shuka moja. Ndani ya saa moja au mbili baada ya jua kuzama, satelaiti hupita kama nyota zinazotembea. Mstari wa taa nyingi zinazofuatana kama mabehewa ni satelaiti za Starlink zilizorushwa karibuni. Kampuni hiyo ilipata idhini ya kufanya kazi Kongo mwezi wa tano 2025, lakini vyombo vyake vilikuwa vikipita juu yetu muda mrefu kabla ya karatasi hiyo. Mistari ya moto kwenye upeo wa macho ni majani yanayochomwa. Kitakachobaki baada ya kuondoa hayo yote ndicho cha kuandikwa.

Habari ya nne ni ya nyoka. Mwaka wa 1959 Kanali Remy Van Lierde, rubani Mbelgiji aliyejulikana kwa vita vya 1939-1945, alikuwa akirudi kwa helikopta kwenye kambi ya jeshi la anga ya Kamina alipoona nyoka mkubwa mno chini. Alikadiria urefu wa karibu mita 15. Walizunguka juu yake, na nyoka akainua kichwa kana kwamba atawashambulia. Picha ilipigwa, na bado inazunguka duniani. Van Lierde mwenyewe alisimulia mbele ya kamera miaka ya baadaye. Huyu si Lepage. Ana jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na medali.

Chatu wa Afrika mkubwa hufikia mita sita hivi. Je, kanali alidanganya? Si lazima. Picha yake inaonyesha nyoka kwenye udongo na vichaka, bila mtu, bila nyumba, bila kitu chochote ambacho urefu wake unajulikana. Kichaka cha mita tatu na kichaka cha mita moja, kutoka juu, vinafanana. Mtu mkweli aliona kitu cha kweli na hakuwa na cha kukipimia.

Mashariki ya Kamina, katika bonde la Kamalondo ambako Lualaba hupita kati ya maziwa na matete, kuna mnyama ambaye kwa miaka mingi alikuwa karibu kuwa mzimu kweli. Ni swala wa mabwawani, lechwe wa Upemba. Wanasayansi walimpa jina la Kobus anselli mwaka wa 2005 kutokana na mafuvu na ngozi zilizohifadhiwa katika makumbusho, bila picha hata moja iliyochapishwa ya aliye hai. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa kwa maelfu mengi. Baadaye vita, bunduki na njaa vikapita, na wengine wakaanza kudhani amekwisha. Mwaka wa 2025 timu ya hifadhi ya Upemba, iliyoundwa 1939, iliruka na ndege juu ya mabwawa hayo ikawahesabu kumi tu, ikapiga picha. Makadirio ni kwamba waliobaki hawafiki 100.

Wavuvi wa Kamalondo hawakushangaa kusikia kwamba yupo. Swala huyo hana pembe puani wala hakuua mtu kijijini, na gazeti la London halikumtumia mwindaji na mbwa. Kufika kwake hakuwezekani kwa hema na nauli ya basi. Kunahitaji ruhusa ya ICCN, mtumbwi, habari mpya za usalama, na sababu nzuri ya kumsumbua.

Kwa wale wa Nzilo, basi: wachague wikendi isiyo na mbalamwezi, wabebe maji ya kunywa na makala, waage nyumbani na kusema wanalala upande gani. Droni iachwe nyumbani kama hakuna kibali. Akitokea mnyama au taa, waandike saa, upande na muda kabla ya kuanza kubishana. Na kabla ya kupiga picha ya alama yoyote matopeni, waweke kando yake kitu ambacho kila mtu anajua ukubwa wake. Boksi la kiberiti linatosha.